Milka na Moto wa Filamu

Sokoni Rongo, wachuuzi wengine wa omena, wale dagaa wa ziwani, huonja samaki wa juu ya gunia, wakaridhika, wakabeba. Milka hakuwa hivyo. Yeye alizaliwa Muhuru Bay, akakulia kando ya nyavu za kuanikia, na alijua vizuri jinsi mchanga unavyofichwa chini ya gunia na omena nzuri zikapangwa juu kama wageni sebuleni. Kwa hiyo alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akachota za chini kabisa, akazisugua kiganjani karibu na sikio. Mchanga una sauti yake, alisema, na gunia ambalo mwenyewe hataki uliguse chini, hilo ndilo la kugusa.

Tabia hiyo hakuiacha sokoni. Mchungaji akitangaza kwamba amefunga siku tatu, Milka alitaka kujua mkewe alikuwa anampikia nani. Jirani akimletea ndizi bila sababu, ndizi zilikaa mezani mpaka sababu ijulikane. Watu walimtania kwamba hata malaika akija kumchukua atadaiwa kitambulisho. Milka hakukasirika. Alisema dunia hii aulizaye hapotei, na yeye hakuwa na nia ya kupotea.

Mumewe, Joash, alikuwa seremala wa milango na madirisha, mtu mrefu mwenye penseli nyuma ya sikio na maneno machache mdomoni. Kuishi na mwanamke wa maswali hakukumsumbua, maana alijibu alichoulizwa, na asipotaka kujibu alinyamaza. Jambo moja tu hakuliweza katika maisha yake, nalo ni kumdanganya mkewe. Akijaribu, mkono ulimpanda wenyewe ukaishika ile penseli. Milka aliigundua siri hiyo mwaka wa kwanza wa ndoa na hakumwambia.

Walikuwa wameoana miaka ishirini na mitatu, wakipanga vyumba viwili nyuma ya soko, na miaka hiyo yote jambo moja lilimkaa Milka kooni kama mwiba wa samaki mbuta: hakuwa na boma lake. Kwao Joash ni Rangwe. Huko walikuwa na nyumba ndogo ya udongo ndani ya boma la marehemu baba mkwe, ile ile aliyoletwa akiwa bibi harusi, na kando ya barabara walikuwa na kiwanja cha urithi ambacho watu wengine walikipanda mtama. Kwa desturi ya Waluo, mwanamume akikomaa hutoka kwa baba yake akaanzisha dala, boma lake mwenyewe. Hutoka alfajiri. Mkubwa wa ukoo hutangulia, mwana wa kiume hubeba shoka jipya, mume hubeba jogoo awikaye, na mke hubeba moto kutoka meko yake ya zamani. Nyumba husimamishwa siku hiyo hiyo na wenyewe hulala humo. Mwanamke aliyeingia na moto ndiye mwenye boma, na hakuna wa kumwondoa.

Lakini mume akifa kabla ya siku hiyo, mjane hawezi kujijengea. Ni lazima shemeji amchukue kwanza ndipo apate mlango wa kufunga. Milka aliliona hilo kwa macho yake. Baba yake alizama ziwani kabla ya kujenga, na mama yake akakabidhiwa kwa mwanamume ambaye mama hakupenda hata kumtazama, ili tu asimamishiwe nguzo nne na bati. Milka alikuwa na miaka kumi. Kifo chenyewe hakukiogopa sana, ila kifo kumkuta hana boma alikiogopa hata akiwa usingizini.

Joash alilijua hilo, na kila mwaka alikuwa na sababu. Kwanza mbao, kisha karo ya Barnabas, mtoto wao wa pekee. Barnabas alipomaliza shule na kwenda Muhuru kutengeneza injini za mashua, sababu ikawa kanisa, kwamba Waadventista hawana haja ya jogoo na makaa. Majirani walisema kinyozi hajinyoi: nusu ya milango ya Rongo imetoka mikononi mwa Joash, na yeye mwenyewe hana wake. Milka alicheka nao, akarudi nyumbani akalia.

Filamu ikaja mwezi wa pili mwaka huu, ikiletwa na kijana Mkuria aitwaye Nchagwa, aliyemaliza chuo pale Rongo na kununua kamera kabla ya kununua kitanda. Alikuja kwenye karakana ya Joash kuagiza mlango mmoja wa kusimama peke yake, usio na nyumba. Milka alikuwa ameleta chakula cha mchana, na bila shaka alitaka kujua mlango usio na nyumba unamfungia nani. Nchagwa akaketi juu ya ubao akawasimulia.

Ni hadithi ya mapenzi, alisema. Mvuvi anakufa, mkewe analia siku saba, na siku ya nane Kifo chenyewe kinapita kama msafiri aliyenyeshewa, kinaomba uji. Mwanamke hamjui mgeni wake, anampa. Kifo kinaona haya kunywa uji wa mtu kiliyemfanya mjane, kinamrudishia mume. Kuna sharti moja tu. Kila alfajiri mume ataondoka, na mke asimuulize kamwe anakwenda wapi. Wanajenga boma jipya, wanaishi kwa furaha, mpaka siku mwanamke anaposhindwa kuvumilia, anasimama mlangoni na kuuliza. Mume anageuka, anaondoka, harudi tena.

"Huyo ni mjinga," Milka alisema. "Mimi ningeuliza siku ya kwanza, tumalizane."

Nchagwa alicheka. Joash hakucheka. Aliuliza tu ni nani atakayekuwa mvuvi, na Nchagwa akasema yule wa kwanza alikataa alipoonyeshwa jeneza. Kisha akamtazama Joash kwa muda, mashavu yake na macho yake, akasema uso kama huo ndio aliokuwa akiutafuta. Milka alingoja mumewe akatae. Joash akakubali, akaongeza na kiwanja chake cha Rangwe, na akaongeza kwamba nyumba ya mabati ya kwenye filamu ataijenga mwenyewe.

Basi hapo ndipo shaka ilipopata pa kukaa. Miaka ishirini na mitatu mke wa kweli ameomba nyumba, akaambiwa mbao hakuna. Leo amekuja kijana na kamera, na mbao zimepatikana kwa siku moja. Kwa hasira Milka akamwaga supu. Na alipomwona mwanamke atakayeigiza mke wa mvuvi, hasira ikapata sura. Aliitwa Emmah, msichana wa Kikisii mwenye mwanya, mpole, aliyemsalimia Milka kwa mikono yote miwili na kumwita mama. Milka hakuupenda upole huo. Magunia yaliyopangwa vizuri juu alikuwa ameyaona mengi.

Zikaja Alhamisi. Kila Alhamisi Joash aliamka mapema, akavaa koti lake la kanisani, akaenda Homa Bay mjini. Wiki ya kwanza Milka alimuuliza huko kuna nini. Joash akasema ni mazoezi ya filamu, na mkono ukapanda ukaishika penseli. Milka akaanza kupeleleza kimyakimya, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Shati lilirudi likinuka dawa fulani kali ya usafi, akajiambia ni manukato ya kizazi hiki, hayana adabu. Ndani ya kiwiko cha Joash kulikuwa na pamba iliyobandikwa plasta, naye akasema amekwaruzwa na msumari. Misumari gani hiyo inayokwaruza mahali ambapo mkono hukunjwa? Mkanda wa suruali ukatobolewa tundu jipya, kisha la pili. Anajikondesha, Milka aliwaza. Mzee mzima anajikondesha kwa sababu ya mwanya.

Hakwenda kumpigia kelele. Alikuwa mtu wa kugusa chini ya gunia kwanza. Alimuuliza Emmah, siku alipokutana naye sokoni, mazoezi ya Homa Bay yanaendeleaje. Msichana akasema mazoezi yote wanafanyia Rongo, kisha akashtuka kama aliyeuma ulimi, akakumbuka kwamba ana haraka. Milka alisimama katikati ya nyanya za watu. Kwa hiyo hata kwenye uongo walikuwa hawajapatana.

Ijumaa moja akaja Obare. Huyu ni kaka mkubwa wa Joash, mkubwa wa ukoo tangu baba yao afariki, mzee asiyetoka Rangwe bila mazishi na asiyetamka neno bila kulipima. Alikuja mpaka kwenye meza ya omena, akakataa soda, akauliza hali. Akageuka kuondoka, halafu akasema kana kwamba amekumbuka njiani: "Mwambie ndugu yangu jogoo amepatikana. Anawika vizuri. Jumapili alfajiri tutamtoa nyumbani kwa baba, na yule msichana atangoja na moto barabarani."

Akaenda zake. Milka alikaa juu ya gunia. Jogoo anayewika hahitajiki kwenye filamu. Kamera haijui jogoo mwimbaji na jogoo bubu. Jioni akampigia simu Barnabas, akamuuliza Jumapili yuko wapi. Barnabas akasema yuko Rangwe, baba amemwita, akaongeza kwamba ameambiwa anunue shoka. Shoka jipya. Kisha naye akadai mtandao unasumbua.

Sasa picha yote ilikuwa imejitokeza mbele ya macho ya Milka, na ilikuwa mbaya kuliko alivyodhani. Kaka mkubwa yupo, mwana na shoka yupo, mume na jogoo yupo, ardhi ni ya urithi, na moto utabebwa na Emmah. Wageni wataona ni mchezo. Mkuria na Mkisii watajuaje? Lakini ardhi ya Rangwe haijui mchezo. Mwanamke akiingia na moto mbele ya mkubwa wa ukoo, amekuwa mwenye boma, na Milka atabaki na vyumba viwili vya kupanga na shemeji fulani wa kumchukua siku Joash atakapokufa. Mume wake, shemeji yake na mwanawe wa kumzaa walikuwa wameungana kumwingizia mke mwenza kwa mlango wa filamu. Usiku huo ujumbe wa jogoo hakumfikishia Joash.

Jumamosi Sabato ilipokwisha, Joash akiwa tayari ametangulia, Milka alijitwika kikapu akaenda Rangwe. Alifika kwa baba mkwe giza limeingia, akaenda moja kwa moja kwenye ile nyumba yake ndogo ya udongo, ambayo hakuwa ameikanyaga tangu Krismasi. Alitarajia popo na vumbi. Akakuta imefagiwa. Kuni kavu zimepangwa kando ya meko, kibiriti juu yake, na kigae kikubwa cha chungu kimewekwa mahali ambapo asingeweza kukikosa. Ni nani aliyelala hapa? Alinusa blanketi, akainua mkeka, akachungulia chini ya kitanda. Hakupata unywele wa mtu. Hilo nalo likamtia shaka. Akawasha moto, akakaa nao, akisubiri alfajiri na kuyalea makaa yake.

Jogoo wa Obare kweli aliwika vizuri. Kulipopambazuka Milka alichungulia, akawaona wakitoka kwenye boma la baba yao: Obare mbele na fimbo yake, Barnabas na shoka linalong'aa, Joash na jogoo kwapani, na Nchagwa akitembea kinyumenyume na kamera. Kule barabarani Emmah alisimama amevaa leso, ameshika kigae chake kwa mikono miwili. Milka aliyazoa makaa kwa kijiti, akayafunika kwa majivu, akatoka. Joto lilipenya kwenye kigae likamchoma vidole, lakini alitembea kama mtu aliyebeba maziwa.

Alikuwa wa kwanza kumfikia Emmah. "Binti," alisema, "weka huo moto chini."

Emmah aliuweka papo hapo, bila ubishi, akarudi nyuma hatua mbili. Nchagwa, jicho likiwa bado kwenye kamera, akasema, "Mathe, hii ni sinema tu, usijali," kwa sauti ya mwanafunzi aliyekariri shairi. Milka akamgeukia kumpa jibu lake. Lakini mkono wa mwanamke yule wa Muhuru ulikuwa na akili zake wenyewe: ulishuka, ukaingia kwenye kigae cha Emmah, ukagusa chini.

Kilikuwa baridi. Yalikuwa majivu matupu, ya jana au ya juzi. Hakukuwa na kaa hata moja.

Milka aliinuka polepole. Alimtazama msichana, na msichana akatazama miguu yake. Alimtazama mwanawe, aliyekuwa akilia bila kujificha, shoka begani. Alimtazama Joash. Joash akamwita kama mama wa mwanawe: "Tembea, Min Barnabas. Makaa yatazimika."

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Milka alifanya alichoambiwa kabla hajaelewa. Alitembea nyuma ya jogoo na shoka, akavuka barabara, akaingia katika kiwanja chake kilichofyekwa mtama, akaushusha moto katikati ya nguzo nne. Ukiiona ile filamu, maana imeshaonyeshwa Rongo mara mbili, utajua mahali hapo. Mke wa mvuvi ni mwembamba filamu nzima, isipokuwa anapobeba moto. Hapo mgongo unapanuka ghafla, ni mgongo wa mtu anayebeba magunia.

Nyumba ilisimama kabla ya alasiri, mabati na yote, kwa kuwa Joash alikuwa amekata kila kitu Rongo na kukipima kwa siri. Mlango ulikuwa wa mvule. Miaka yote hiyo, kumbe, alikuwa na ubao wa mvule aliouficha. Obare alipogongomea msumari wa mwisho aligeuka akajipangusa uso, na Milka akasema ni moshi, kisha akakumbuka kwamba moshi ulikuwa ukienda upande mwingine. Wageni walipoondoka alimkabili mumewe.

"Kwa nini hukuniita tu?" aliuliza. "Mimi ni wa kuwindwa kama kanga?"

Joash aliketi kwenye kizingiti kipya. Alikuwa amechoka uchovu ambao si wa kazi ya siku moja. Mikono yake ilibaki magotini, haikwenda popote.

"Ningekuita," alisema, "ungeuliza kwa nini sasa."

Swali lenyewe lilikuwa tayari mdomoni mwa Milka. Kwa nini sasa? Mdomo ulifunguka, na hapo hapo yote yakamjia kwa pamoja: plasta, harufu ya dawa, matundu mawili ya mkanda, mzee Obare kuja mpaka Rongo kudondosha sentensi moja. Akaufunga mdomo. Akaenda kuinjika uji, mgongo ukiwa kwa mumewe, na uji ukaungua.

Waanzishao boma hawatoki nje yake siku nne. Walikaa humo wawili, wakala walicholetewa na mke wa Obare, wakacheka kidogo kuhusu sauti ya Nchagwa. Siku ya tatu Milka alilitundika koti la kanisani kwenye msumari, na kadi ikaanguka. Juu yake ilichapishwa kliniki ya saratani, Homa Bay, na chini ziliandikwa tarehe zenye mihuri: moja ya mwezi wa kwanza, kisha Alhamisi zote alizosafiri. Nchagwa na mlango wake walikuja mwezi wa pili. Kwa hiyo Joash alilijua jambo lake kabla ya filamu, na filamu ilipopita mbele yake aliikamata kama mtu anayezama aliyeona mashua. Milka aliirudisha kadi mfukoni. Alikaa kitandani akalia kwa leso mdomoni, kwa uchungu na kwa upendo na kwa haya ya mambo aliyomdhania. Halafu likabaki swali moja tu, kubwa kuliko yote aliyopata kuuliza maishani: amebakiwa na muda gani? Joash angemjibu. Hakujua kumdanganya.

Alhamisi Joash aliamka mapema. Alivaa koti, akaufungua mlango wa mvule, akasimama hapo, nusu ndani nusu nje, nje kukiwa bado na umande. Alikuwa akingoja. Milka alimwona, na akamkumbuka mke wa mvuvi aliyesimama mahali kama hapo akauliza. Yule aliyemwita mjinga.

Mkono wa Joash ulianza kupanda kuelekea kwenye penseli.

"Usiseme kitu, Baba Barnabas," Milka alisema. "Ngoja nivae viatu, twende."

Mkono ukashuka. Milka alivaa viatu, akajifunga kilemba, akatoka nyuma ya mumewe. Aliufunga mlango wake kwa ufunguo, akakivuta kitasa mara mbili kuhakikisha kimeshika, kisha wakashuka pamoja hadi barabarani.